Mwaka Niliojifunza Kuwaita Singa

Hidaya alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama juu ya stuli nyumbani kwangu Kasulu nabadilisha balbu ya jikoni, kazi ambayo ingeweza kumngoja mtu mwenye magoti mazuri kuliko yangu. "Yusta," alisema, "Mama ametutoka. Alfajiri hii. Tunamzika baada ya sala ya adhuhuri." Nilimpa pole, nikamwambia nakuja, nikashuka. Kisha nikapanda tena nikamalizia balbu, nikafagia ua uliokwisha kufagiliwa, nikafunga mkoba, nikaufungua, nikaufunga. Tangu nistaafu ualimu wanangu wananiambia nitulie, nami huwaambia sawa, halafu nanyanyuka kutafuta kitu cha kufanya. Katika basi nilibadilisha kiti mara mbili. Tulipopita Kidahwe, nilikozaliwa, sikugeuza hata shingo kuangalia njia ya kwetu. Niliteremka Gungu, nikachukua bodaboda mpaka Ujiji, nikafika maziko yameshapita. Wanaume walikuwa nje kwenye mabenchi, wanawake ndani juu ya mikeka, na Hidaya katikati yao, amevimba macho. Tulikumbatiana. Nilipoketi, mwanamke mmoja nisiyemjua alikuwa anawasimulia wenzake: "Marehemu alikuwa na moyo, jamani. Ndiye aliyewafundisha watu wa mwalo huu kuvua singa kwa kibuyu. Angeweza kuificha elimu ile akafa nayo. Yeye akaitoa bure." Wakaitikia, "Mungu amrehemu." Nikaitikia nao, halafu nikahisi miguu inawasha. Nikainuka, nikaenda uani kuosha sufuria za watu ambao hawakuwa wamemaliza kula. Mama Hidaya hakumfundisha mtu yeyote wa mwalo ule wa wavuvi. Elimu ile ilitolewa, ni kweli, lakini haikutolewa na yeye. Niliitoa mimi.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza shule, nimeomba nafasi ya chuo cha ualimu, na nangoja majina yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya elimu mjini Kigoma. Kutoka Kidahwe ilikuwa mbali kwa mtu aliyetaka kuuangalia ubao ule kila siku, na mimi nilitaka kila siku. Hidaya, niliyekaa naye dawati moja shuleni, alikuwa ameolewa mwanzoni mwa mwaka akahamia Dar es Salaam na mumewe, na mama yake, mjane, alibaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu karibu na ziwa, hapa Ujiji. "Nenda ukakae na Mama," Hidaya aliniambia siku ya kuaga. "Ataona kama mimi nipo." Nilikwenda kwa wiki mbili. Nikakaa mwaka mzima.

Nilipewa chumba cha Hidaya. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao lisilofunga vizuri, na ukuta mwembamba kiasi kwamba mtu akizungumza sebuleni ulimsikia akivuta pumzi kabla ya kusema. Nguo zangu zote zilishika harufu ya moshi na mawese ndani ya siku tatu. Asubuhi nilikuwa nikitembea kwa miguu mpaka Kigoma, kwenda na kurudi, kwa ajili ya kuangalia ubao uliokuwa na tangazo moja tu la madawati, limepauka kwa jua hata tarehe haisomeki. Nikirudi, nilifagia. Nikimaliza kufagia, nilichota maji. Mitungi ikijaa, nilisimama mlangoni naangalia ziwa na kulikasirikia, kwa sababu lilikuwa kubwa na halikuwa na haraka. Sisi watu wa milimani tulilijua ziwa kwa dagaa waliopanda kwetu ndani ya magunia. Sikuwahi kuingia ndani ya mtumbwi. Mama Hidaya alinitazama hivyo kwa wiki kadhaa bila kusema kitu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mikono mirefu na maneno mafupi. Siku moja alinikuta nafagia ua kwa mara ya tatu, akasimama na kafi begani. "Wewe msichana," alisema, "utanimalizia udongo. Njoo."

Wanawake wa mwalo ule walinunua samaki, walikausha samaki, waliuza samaki, lakini hawakuingia majini na ndoano. Mama Hidaya aliingia. Mumewe alikuwa amemwachia mtumbwi na namna ya kuvua, na alipofariki, mjane hakuona sababu ya kuviacha vyote viwili vioze. Tulipiga makafi kuelekea mlango wa mto Luiche, mahali ambapo maji yanakuwa na rangi ya chai ya maziwa na matete yanasimama pande zote. Akateremsha jiwe la nanga taratibu, kwa mikono miwili, kama anayemlaza mtoto. Akatia chambo cha matumbo ya kuku kwenye ndoano tatu, akazishusha. Kisha akachukua kata, ile nusu ya kibuyu ambayo nyumbani tulichotea maji ya mtungini. Nilidhani anataka kukumba maji yaliyoingia mtumbwini. Hakufanya hivyo. Aliigeuza mdomo chini, akaupiga uso wa ziwa kwa kiganja kilicholegea, si kwa nguvu, na hewa ikanaswa ndani ya kibuyu ikapasukia chini ya maji. Kobo. Akasubiri. Kobo, kobo. Akasubiri tena, safari hii muda mrefu. Sauti ile haikwenda juu. Iliteremka, nikaihisi ikipita kwenye mbao nilizokalia.

"Unafanya nini, Mama?"

"Nawaita."

"Samaki wanasikia?"

"Kuliko wewe."

Alinieleza kidogo kidogo, asubuhi baada ya asubuhi, maana hakuwa mtu wa kueleza jambo zima siku moja. Singa, alisema, hana magamba. Ana ndevu na ngozi tupu, na mwili wake wote ni sikio. Huko chini gizani akisikia kobo, anadhani wenzake wamepanda juu wanakula, na anaogopa kukosa. Lakini sauti zina tofauti. Kafi likigonga ubavu wa mtumbwi, hiyo ni hatari, anakimbia, na mvuvi anaweza kufunga safari ya kurudi nyumbani. Kisigino kikigonga sakafu ya mtumbwi polepole wakati yupo karibu, hiyo inamfanya asogee aone. Mimi nilijua fizikia ya kidato cha nne, nikamwambia sauti husafiri haraka zaidi majini kuliko hewani. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi kama ni haraka hivyo," alisema, "kwa nini na wewe uiharakishe?" Maana nilipopewa kata, kwanza nilitoa sauti ya mtu anayefua, pwaa, pwaa, na nilipojua kuinasa hewa, nilipiga mfululizo bila kupumua. "Unawagombeza," alinikataza. "Mtu akigombezwa anakuja?" Nilipiga mara tatu, nikahesabu kimoyomoyo, nikashindwa kufika hamsini kabla mkono haujanyanyuka wenyewe. Ilinichukua karibu miezi miwili. Siku niliyofika hamsini, halafu sabini, halafu nikasahau kuhesabu, mshipi wa upande wangu ulijivuta taratibu kuelekea matete, na nikamtoa singa wa urefu wa mkono wangu, anakoroma kama mzee. Nilipiga ukelele. Mama Hidaya akanitazama vibaya, halafu akacheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka.

Jioni ile tulimla, tukiwa tumekaa kwenye mkeka sebuleni, ugali wa muhogo mweusimweusi na singa aliyepikwa kwa mawese, nyanya na pilipili nzima. Tulikula sinia moja, mimi na yeye, kama tulivyokula siku zote, na alinimegea nyama ya shavuni akaisogeza upande wangu bila kuniangalia. Nimekula katika nyumba nyingi tangu siku ile, pamoja na yangu mwenyewe, na sijui kama nimewahi kujiona mahali pangu kama nilivyojiona pale. Hata ubao wa ofisi ya elimu nilianza kuuendea kwa wiki mara moja.

Kisha dagaa wakapotea. Wazee walisema imewahi kutokea, na itapita, lakini vijana wenye mitumbwi na taa walikuwa wanarudi kila asubuhi na nyavu zenye maji tu, na vichanja vya kukaushia vilikaa vitupu mwezi mmoja, halafu miwili. Katika siku hizo hizo Mama Hidaya alipita katikati yao kila asubuhi akiwa na singa wanne, watano, ameziba kapu kwa majani. Nilisikia kwanza bombani, nimeinama nyuma ya ndoo, wasijue nipo. "Yule havui," mwanamke mmoja alisema. "Yule anaita." Mwenzake akauliza, "Anamwita nani?" "Walio chini. Si umesikia anavyogonga? Anagonga, na huko chini wanafungua." Waliniona nilipoinuka, wakanisalimu kwa adabu nyingi mno, "Mwakeye, dada," kwa Kiha changu, ambacho siku nyingine hawakujali kunisalimia. Wiki ile mvuvi mmoja aliugua homa, akaanza kuweweseka, na katika kuweweseka kwake inasemekana alisikia kibuyu. Baada ya hapo tulikuta mtumbwi wetu umemwagiwa majivu. Mama Hidaya aliyachota kwa kata ile ile, akayamwaga ziwani, tukaenda kuvua.

Mzee Feruzi alikuja nyumbani siku ya Jumatano mchana. Alikuwa mwenyekiti wa mwalo, mtu mnene anayechechemea, rafiki wa marehemu mume wa Mama Hidaya. Nilimwamkia shikamoo, nikaingia chumbani, nikaketi kitandani nyuma ya ule ukuta.

"Shemeji," nilimsikia akianza, "mimi siamini mambo haya. Unanijua."

"Nakujua."

"Lakini watu wanaamini. Na watu ndio wenye viberiti."

"Waambie navua."

"Unavua vipi, mbona sisi hatupati?"

"Nyinyi mnavua dagaa. Mimi navua singa."

"Na kile kibuyu?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. "Nafukuzia mamba," alisema Mama Hidaya.

Mzee Feruzi alivuta pumzi ndefu. "Kaa nchi kavu mwezi mmoja, shemeji. Mambo yapoe."

"Nitakula nini huo mwezi mmoja? Mambo?"

Alipoondoka nilitoka chumbani. Nikamwambia Mama Hidaya aseme tu. Awaonyeshe. Ni kibuyu na maji, hakuna uchawi, dakika kumi zingetosha. Alikuwa anakwaruza masizi ya sufuria kwa jani la mpapai na hakuacha kukwaruza. "Wakiniogopa, nakula," alisema. "Wakinielewa, nitakufa njaa. Umewaona wako wangapi? Ule mlango wa mto una singa wa kutosha mtu mmoja mwenye subira. Hauna singa wa mwalo mzima." Nikamwambia wanaweza kumchoma moto. "Wanaweza," alijibu. "Na wanaweza wasifanye. Dagaa watarudi, na wakirudi watanisahau. Nimeshaona watu wakiogopa, Yusta. Huwa wanachoka. Wewe funga mdomo tu." Nikamwahidi. Nilisema, "Nimefunga, Mama."

Siku iliyofuata tulikuta mtumbwi umetobolewa, tundu moja la kekee chini ya kiti chake, limezibwa kwa tope ili lifunguke tukishafika mbali. Aliliona kwa sababu aliona kila kitu. Aliliziba kwa pamba na lami, na mimi usiku ule sikulala. Nimejiuliza kwa miaka mingi nilichokuwa nafikiria, na nimejipa majibu tofauti kadiri nilivyozeeka. Nilimwogopea, hilo ni kweli, na kwa muda mrefu nilijiambia ndilo peke yake. Lakini pia ubao wa ofisi ya elimu ulikuwa bado mtupu. Pia nilikuwa nimechoka kuishi ndani ya jambo lisilosogea, nikisikiliza kila hatua inayopita dirishani. Nilitaka litokee kitu, chochote, na kitokee kwa mkono wangu. Na chini ya hayo yote, nasema sasa kwa kuwa sina tena wa kumficha, nilitaka wanaume wale wajue kwamba msichana wa Kidahwe anaweza jambo wasiloliweza. Siku ya Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nilikwenda barazani kwa Mzee Feruzi nikamwambia kila kitu.

Akaniuliza, "Mama Hidaya anajua umekuja?"

"Hapana, Mzee."

"Basi kesho asubuhi utanionyesha. Kama ni kweli, hakuna atakayemgusa. Naapa."

Jumamosi Mama Hidaya alikwenda Buzebazeba kumtazama mgonjwa. Nikachukua kata. Tulikwenda kwa mtumbwi wa Mzee Feruzi, yeye, mimi na wavuvi wawili, na mmoja wao hakukubali kukaa karibu na mimi. Nilianza kupiga. Kobo. Hakuna kitu. Kobo, kobo. Jua likapanda, jasho likaniingia machoni, na yule aliyekaa mbali akasema kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika vizuri, "Mashetani yake hayamjui huyu." Mkono ulitaka kukimbia. Nikauzuia. Nikagonga kisigino mara moja, nikasubiri, nikakaza meno, na niliposikia mshipi ukikwaruza ubao nilimpa Mzee Feruzi auvute mwenyewe. Yule mzee mnene, mwenyekiti wa watu, alimtoa singa mkubwa kuliko wote niliowahi kuwatoa, akacheka kama mtoto aliyepewa mpira. "Kibuyu!" alikuwa akisema. "Kumbe kibuyu tu!" Yule mvuvi mwoga akaniomba kata ajaribu. Nikampa. Tulirudi na singa sita, nami nimekaa mbele ya mtumbwi kama bibi harusi. Sijawahi kufurahi vile katika maisha yangu, na sitaki kusema uongo kuhusu hilo.

Mzee Feruzi alitimiza kiapo. Hakuna aliyemgusa tena Mama Hidaya, wala aliyemmwagia majivu; wanawake wa bombani walianza kumcheka badala ya kumwogopa. Lakini Jumatatu asubuhi, tulipotokeza kwenye mlango wa mto, kulikuwa na mitumbwi kumi na minne. Walikuja na vibuyu, na waliokosa vibuyu walikuja na vikombe vya bati, mabakuli, sufuria ndogo za chai. Hakuna aliyekuwa amefundishwa kusubiri. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaonyesha asubuhi moja tu. Walipiga maji kwa nguvu zao zote, wakaitana, wakatupa nanga kwa kishindo, na Luiche yote ikalia kama jiko la shughuli. Mama Hidaya aliacha kupiga kafi. Alisikiliza. Hakuniuliza, aliniangalia tu mara moja, nikatazama maji. Siku mbili za kwanza walipata samaki wengi. Wiki ya pili walipata wachache. Baada ya mwezi singa walikuwa wameondoka pale, sijui walikokwenda, na wanaume wakarudi kwenye dagaa ambao nao walikuwa wameanza kuonekana, sawasawa kama alivyosema.

Hakunigombeza. Nilingoja anigombeze, nililala nikiwa nimepanga majibu. Jioni ya siku ile ya mitumbwi kumi na minne alipika ugali, akapika mboga ya majani kwa mawese, akaweka ugali wake kwenye sinia na wangu kwenye sahani. Akaisogeza sahani mbele yangu kwa adabu, kama unavyomwekea mgeni. "Karibu chakula," alisema. Tulikula hivyo kila siku mpaka nilipoondoka. Nilijaribu kuomba msamaha, akasema, "Kula, kitapoa." Nilijaribu tena siku nyingine nikilia, akasema hayo hayo. Alianza kukaanga mihogo na kuiuza njiapanda, akirudi jioni na macho mekundu kwa moshi, na mtumbwi akaugeuza kifudifudi uani, na kuku wakaanza kutagia chini yake.

Majina yalibandikwa wakati mvua zimeshakolea. Langu lilikuwepo. Nilisimama mbele ya ubao ule niliouangalia mwaka mzima na sikuhisi kitu. Asubuhi ya kuondoka, Mama Hidaya alinisindikiza mpaka barabarani, amenibebea sanduku kichwani ingawa nilimkataza. Tulipofika alilitua, akajifuta shingo.

"Ulipokwenda kwa Feruzi," aliniuliza, "ulikusudia mema?"

"Ndiyo, Mama."

"Ndiyo maana nimeshindwa kukufukuza. Ungekuwa mbaya ingekuwa rahisi." Akalisogeza sanduku karibu nami. "Watu nimewaambia nilikutuma mimi. Nimesema niliona vibaya kula peke yangu. Na wewe usiseme vingine. Nimebaki na hiyo tu."

Sikusema vingine. Nilifundisha katika shule nne, nikaolewa, nikazaa, nikazika mume, na katika miaka hiyo yote nilipita Ujiji mara chache, mchana, nikiwa na zawadi ya sukari na sababu ya kuondoka mapema. Alinipokea vizuri. Nilikuwa natoka pale kama aliyeponea chupuchupu.

Siku ya tatu ya msiba wageni walipungua, na Hidaya akanifuata uani nilikokuwa nasugua birika ambalo lilikwisha kung'aa. "Yusta, umekuja kwenye msiba wa mama yangu au umekuja kufanya kazi? Kaa." Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, tangu bombani mpaka barabarani, na nilivunja ahadi ya Mama Hidaya kwa mara ya pili, safari hii nikijua ninachofanya. Alinisikiliza ameegemea ukuta. Nilipomaliza aliuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Ilikuwa mwezi gani?"

"Mvua za vuli zilikuwa zinaanza."

Akaweka kiganja mdomoni. "Mama alikuwa ananitumia furushi la singa wakavu kwa treni," alisema. "Kila mwezi. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, sijui mtu Dar, mume yuko kazini kutwa. Nilikuwa nalinusa lile furushi kabla ya kulifungua. Halafu likakatika. Bila neno lolote. Nikajua amenikasirikia kwa kuolewa mbali na kumwacha. Basi na mimi nikamkasirikia. Miaka sita, Yusta. Miaka sita sikukanyaga Ujiji. Mwanangu alianza shule hajamwona bibi yake."

Ndipo nilipowakumbuka singa wale aliokuwa akiwabanika na kuwafunga ndani ya gunia na kamba ya mkonge. Nilidhani ni wa mteja. Sikuwahi kuuliza. "Hakukwambia sababu?" nilimuuliza Hidaya.

"Mama? Aniandikie kwamba amekosa samaki?" Alicheka kicheko kibaya. "Mama angekula udongo kwanza." Kisha kicheko kikamtoka usoni, akanigeukia. "Lakini wewe ulikuwa hapa. Ulimwona anauza mihogo. Ungeniandikia barua moja tu. Mwalimu mzima, kazi yako maisha yote ni kushika chaki na kalamu, ukashindwa mistari miwili."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa."

Nilisema labda ni afadhali niwahi basi la mchana. Nilikwisha kuanza kukausha mikono. Hidaya aliunyakua mkono wangu pamoja na kitambaa nilichokuwa najifutia, akaubana. "Hapana," alisema. "Wale wa ndani waache waseme wanavyosema, ndivyo alivyotaka mwenyewe. Lakini yuko mtu mmoja ataambiwa." Akaita kuelekea kwenye mabenchi, "Bakari! Njoo huku mara moja." Alikuja mwanaume mwenye mvi kidevuni, mrefu, mikono mirefu, akaniinamia kidogo na kuniamkia. Mama yake akamwonyesha ndoo iliyogeuzwa, akakaa juu yake, magoti yakamfika kifuani. "Huyu ni Mwalimu Yusta," Hidaya alimwambia. "Aliishi na bibi yako mwaka ule uliozaliwa. Ana la kukueleza, kwa nini ulimjua bibi umeshakuwa mkubwa." Bado alikuwa ameushika mkono wangu, na aliushika vibaya, ukiniuma. Bakari alinitazama, bila hasira bado, kwa subira ya mtu asiyejua anachongojea. "Nakusikiliza, Mama," aliniambia. Nikaketi chini, pale pale kwenye udongo wenye maji, nikaanza.